Ufeministi Mbele ya Hakimu

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambao ndoa yao ilikuwa imevunjika. Mume alikuwa baharia, mke mama wa nyumbani, na katika mali zao kulikuwa na nyumba jijini Dar es Salaam iliyopatikana kwa fedha za mume. Mahakama iliulizwa hivi: kupika, kufua na kuitunza nyumba wakati mume yuko safarini, je, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, au ni wajibu tu wa mke ambao hauna hesabu? Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali lilijibu kwamba ni mchango.

Bi Hawa mwenyewe, hata hivyo, aliondoka mikono mitupu. Mahakama iliona kuwa mume alikwishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia, naye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake alikuwa amelipokea. Kanuni ilishinda, aliyeidai akashindwa. Hadi leo mawakili wanaitaja hukumu hiyo kila mali za ndoa zinapogawanywa.

Naanza na jalada hili kwa sababu mjadala wa ufeministi kwetu huendeshwa zaidi kwa hasira, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye simu za mkononi, kana kwamba ni ugomvi wa tabia: wanawake wamekuwa wakaidi, wanaume wamekuwa dhaifu. Mahakamani mambo ni makavu zaidi. Shamba ni la nani? Sahihi ya nani inatakiwa ili nyumba iwekwe rehani? Msichana wa miaka kumi na tano anaweza kuozwa? Ufeministi ni msimamo kwamba maswali ya namna hii yasijibiwe kwa kuangalia aliyeuliza ni mwanamke au mwanamume. Wenye msimamo huo wana madhehebu mengi na hawaelewani katika mengi, lakini hapo wanakutana. Tuyapitie sasa maswali yanayorudi kila Siku ya Wanawake Duniani inapokaribia.

“Haya si mambo ya Wazungu?”

Nadharia zilizoandikwa vyuoni zina mchango mkubwa wa Ulaya na Marekani, hilo halina ubishi. Madai yenyewe yana mizizi hapa hapa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa za Waingereza. Mwaka 1922 Muthoni Nyanjiru aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, akiwa mstari wa mbele katika umati uliodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam mwenye elimu ndogo ya shule, aliingia katika vikundi vya ngoma vya akina mama na kuvifanya mtandao wa chama cha TANU. Maelfu ya wanawake walikata kadi ndani ya miezi michache. Hakuna kati yao aliyesubiri kitabu kutoka London.

Kuna jambo la sheria pia ambalo huwashangaza wengi. Chini ya sheria ya Kiislamu, mke wa mwambao alikuwa na mali yake mwenyewe, na mahari aliyopewa ilikuwa yake. Nchini Uingereza, hadi karne ya 19, mwanamke akiolewa mali yake ilipita mikononi mwa mumewe, na ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa mke uwezo kamili wa kumiliki kwa jina lake. Katika suala hili la umiliki, Bibi wa Unguja alikuwa mbele ya Bibi wa London kwa karne nyingi. Hilo halina maana kwamba mwambao ulikuwa pepo ya wanawake. Linaonyesha tu kwamba haki hazisafiri upande mmoja, kutoka kaskazini kuja kusini.

“Kwa hiyo mnataka nusu kwa nusu?”

Msemo wa “hamsini kwa hamsini” umewatia watu hofu kwamba mtu anaweza kuolewa mwezi mmoja, akaachika, akaondoka na nusu ya nyumba. Sheria hazisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaitaka mahakama itazame kwanza mila za wahusika, kiasi ambacho kila mmoja alichangia kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya kuyapima hayo ndipo hakimu anatakiwa kuelemea kwenye usawa.

Kenya ilikwenda mbali zaidi katika kufafanua. Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 inataja waziwazi kuwa mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani na hata kumliwaza mwenzi. Lakini Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mwaka 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumpi yeyote nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Tazama basi maana yake. Anayelalamika kwamba ufeministi unamdharau mama wa nyumbani ameshika ncha isiyo yake. Aliyedharauliwa ni yule ambaye kazi yake ya miaka ishirini iliitwa “kukaa tu nyumbani”. Ni hoja za watetezi wa haki za wanawake zilizoifanya kazi hiyo iandikwe kwenye hukumu na sheria kuwa mchango, iwe imefanywa na mke au na mume. Mwanamke anayechagua kulea wanawe na kutunza nyumba hajausaliti ufeministi. Tatizo ni pale anapokosa nafasi ya kuchagua, au anapochagua kisha akaachwa bila chochote.

“Mbona mnawachukia wanaume?”

Wapo wanaowachukia wanaume, kama walivyopo wanaume wanaowachukia wanawake. Chuki ya mtu haiwi kanuni ya harakati. Jaji Nyalali alikuwa mwanaume. Jaji James Mwalusanya, ambaye nitamtaja tena hivi punde, alikuwa mwanaume.

Soma pia vifungu vyenyewe. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka mume amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na malazi; kinamtaka pia mke mwenye uwezo amtunze mumewe ambaye maradhi ya mwili au ya akili yamemzuia kujitafutia riziki. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, nacho hakikutaja ni mwenzi yupi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili: mke hawezi kumficha mume, mume hawezi kumficha mke. Wanaume wengi wamelala kwenye nyumba zao leo kwa sababu benki ilidai sahihi ya pili.

Chukua na likizo ya uzazi. Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Kenya humpa baba wiki mbili. Anayedai siku za baba ziongezwe anadai jambo la kifeministi kabisa, maana malezi yakibaki ya mama peke yake, mwajiri ataendelea kumwona kila mwanamke kijana kama hasara inayokuja.

“Na mila? Na dini?”

Hapa ndipo penye uzito, na majibu mepesi hayasaidii. Katika Muleba, mkoani Kagera, bibi mmoja aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda mahakamani, akitegemea mila ya Wahaya iliyoandikwa na serikali mwaka 1963: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hana mamlaka ya kuliuza. Mwanaume wa ukoo huohuo angeweza kuliuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu jijini Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema kanuni hiyo inakiuka haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba, na akaukubali uuzaji.

Mila haikufutwa. Kilichoondolewa ni ubaguzi ndani yake: sharti lililomfunga mwanaume wa ukoo ndilo litakalomfunga mwanamke wa ukoo. Wala safari haikuishia hapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa mirathi, ilikiri kwamba kanuni za kimila zinabagua lakini ikakataa kuzitengua. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake (CEDAW), ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliona kwamba haki za wajane hao zilivunjwa.

Kuhusu dini, wafeministi wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaotaka sheria moja isiyotazama dini. Wapo waumini, Waislamu kwa Wakristo, wanaosema maandiko yao yamesomwa kwa karne nyingi kwa macho ya wanaume na wanataka yasomwe upya na wanawake wenye elimu. Katika mirathi ya Kiislamu, ambapo fungu la binti ni nusu ya la kaka yake, mabishano haya ni makali, na mwandishi mkweli hawezi kuyamaliza kwa aya moja. Linaloweza kusemwa bila kubishana na sheikh yeyote ni hili: mara nyingi hata hiyo nusu binti haipati. Nyumba ya marehemu inabaki kwa kaka “kwa muda”, muda unakuwa miaka, na dada anaambiwa anavunja undugu akiuliza. Hiyo si dini wala mila. Ni dhuluma iliyojifunika kanzu.

“Mbona wanawake ndio wanaowatesa wanawake wenzao?”

Swali hili hutolewa kama karata ya mwisho. Ni kweli kwamba mavyaa huweza kumtesa mkwe, shangazi ndiye hushikilia mwali akeketwe, na bosi wa kike humnyima mapumziko dada wa kazi. Lakini mfumo dume haujawahi kumaanisha jumla ya wanaume. Ni utaratibu wa nani anapewa mamlaka na kwa masharti gani. Mwanamke aliyezunguka ndani ya utaratibu huo miaka mingi hupata cheo pale anapoulinda. Mavyaa anamtawala mkwe kwa sababu ni mama wa mwenye nyumba. Mpe binti kipato chake na haki ya kurithi kwa baba yake, uone mamlaka hayo ya kuazima yanavyopungua.

Mfano wa dada wa kazi unauma zaidi, kwa kuwa unawagusa hata wanaharakati. Anayekwenda kwenye kongamano la usawa akimwacha nyumbani msichana asiye na mkataba wala siku ya kupumzika ana maswali ya kujibu. Lawama kwamba harakati zimekaa mno mijini na kwenye kumbi za hoteli ni ya haki, na ni vizuri itolewe.

“Rais ni mwanamke. Mnataka nini tena?”

Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania Machi 2021, na hilo lina maana yake kwa kila msichana aliyeliona. Cheo cha mmoja, hata hivyo, hakibadilishi kifungu cha sheria. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Kenya nako, Katiba ya mwaka 2010 ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Miaka kumi baadaye Bunge lilikuwa bado halijatunga sheria ya kutekeleza, na Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Anayeupinga ufeministi ana haki ya kuupinga. Naomba tu aseme anapinga lipi: kazi ya nyumbani kuhesabiwa, binti kurithi, sahihi mbili kwenye rehani, au kuozwa chini ya miaka kumi na minane kukomeshwa. Wengi nikiwapa orodha hiyo hukubali karibu yote, kisha wananiambia kwamba wao si wafeministi. Waitwe wapendavyo. Kwangu mimi yatosha wakienda Baraza la Kata, kwenye kikao cha ukoo au mbele ya benki wakayasema hayohayo waliyonikubalia.