Taya Nalo Lina Wakati Wake

Wazazi hutuuliza: binti yetu meno yamepandana, je, tungoje amalize kukua ndipo atiwe nyaya? Twajibu kuwa kukua kwenyewe ni sehemu ya dawa. Taya la juu hutangulia kukomaa. La chini huchelewa, kisha hukua kwa kasi wakati wa baleghe, nayo huwafikia wasichana takriban miaka 2 kabla ya wavulana. Basi mtoto ambaye taya lake la chini limerudi nyuma hufaidika akitibiwa katika kasi hiyo, na kaakaa jembamba hupanuka kwa wepesi kabla mifupa yake miwili haijashikana. Lakini taya la chini lililotokeza mno, likihitaji upasuaji, husubiri ukuaji ukome. La sivyo litaendelea kukua na kazi iharibike.

Kwa hivyo tumpeleke mtoto akaguliwe afikapo miaka 7, hata kama siku hiyo hatatibiwa. Wala tusiingiwe na shaka: wanazuoni wametenga kutibu kasoro na kubadili umbile kwa ajili ya urembo tu. Samaki mkunje angali mbichi.