Ugonjwa wa MS na virusi tunavyovibeba tangu utotoni

Mwanamke wa miaka 28 anaamka asubuhi na kukuta jicho moja lina ukungu, na linauma kila akiligeuza. Baada ya wiki chache linapona lenyewe na kisa kinasahaulika. Miezi kadhaa baadaye miguu inaingia ganzi inayopanda hadi kiunoni. Jirani anasema ni presha, mwingine anasema amerogwa, na nauli inaisha kwa kuzunguka huku na huku. Huu ni mfano tu, lakini ndivyo ugonjwa wa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS, unavyoanza kwa wagonjwa wengi.

Katika MS, kinga ya mwili inaukosea mwili wenyewe. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ni kama mpira unaofunika waya wa stima: ukichunika, ujumbe kutoka ubongoni unachelewa au haufiki kabisa. Duniani kote watu wapatao milioni 2.8 wanaishi na ugonjwa huu. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake ni zaidi ya wanaume kwa mara mbili au tatu.

Kwa miaka mingi wanasayansi walishuku kwamba kuna virusi vinavyochochea MS. Vilivyoshukiwa zaidi vinaitwa Epstein-Barr, au EBV, na historia yake inaanzia hapa jirani. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona virusi vipya ndani yake.

Leo inajulikana kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wana EBV. Huenea kwa mate. Hapa kwetu watoto wengi huvipata mapema sana bila hata kuonyesha dalili, na vikishaingia havitoki: hujificha maisha yote ndani ya seli za kinga zinazoitwa seli B. Kijana akivipata kwa mara ya kwanza akiwa amebalehe, anaweza kuugua homa, koo na tezi za shingo kwa wiki kadhaa.

Ugumu ulikuwa hapo. Ikiwa karibu kila mtu ana virusi hivi, utajuaje kwamba ndivyo vinavyochangia MS? Jibu lilitokana na damu ya wanajeshi wa Marekani, ambayo hupimwa na kuhifadhiwa mara kwa mara. Mwezi wa Januari 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kufuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 kwa miaka 20. Kati yao, 955 walipata MS wakiwa kazini. Sampuli za wagonjwa 801 zilifaa kuchunguzwa, na ni mmoja tu ambaye hakuwa na EBV katika damu yake ya mwisho kabla ya kuugua. Kwa wale waliojiunga na jeshi bila EBV kisha wakaambukizwa, hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32. Virusi vingine vinavyoenea kwa mate vilivyopimwa pamoja navyo havikuonyesha jambo hilo.

Mwezi huo huo watafiti wa Stanford walieleza njia moja inayowezekana: kipande cha protini ya EBV kinafanana na protini iliyoko kwenye ubongo na uti wa mgongo, hivyo kinga iliyofunzwa kumshambulia adui inaweza kumpiga mwenye nyumba.

Lakini tusikosee hesabu. Karibu sote tuna EBV, na wengi mno hatutapata MS. Kuna mengine yanayohitajika: urithi wa ukoo, uvutaji wa sigara, upungufu wa vitamini D, na kuambukizwa ukubwani badala ya utotoni. Hili la mwisho huenda ni sababu mojawapo ya MS kuwa nadra Afrika kuliko Ulaya. Sababu nyingine, kwa maoni yetu, ni kwamba bila mashine ya MRI karibu, wagonjwa wengine hawagunduliwi.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa wa MS kikombe, sahani wala kitanda. MS haiambukizwi. Vilevile, ukiuziwa kipimo cha EBV kwa ahadi kwamba kitaonyesha kama utapata MS, hifadhi pesa zako; kitaonyesha tu kwamba wewe ni kama watu wengine. Chanjo ya EBV bado haijaidhinishwa popote.

Tiba ya kuondoa MS kabisa haipo, lakini zipo dawa za kupunguza mashambulizi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka tatu kati yake katika orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hii ya tatu huondoa seli B, zile zile ambamo EBV hujificha.

Kwa anayeishi na MS, homa au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kurudisha dalili za zamani kwa muda. Mara nyingi si shambulizi jipya, ila maambukizi hayo yatibiwe haraka.

Ukipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, au ukipata ganzi, udhaifu wa viungo au kuyumba kunakodumu zaidi ya siku moja, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Uso ukipinda au upande mmoja ukilegea ghafla, huenda ni kiharusi: kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Daktari ataanza na vipimo vya damu, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, kaswende na VVU vinaweza kuleta dalili kama hizi, kisha atakuandikia barua ya rufaa kwa ajili ya MRI. Nenda na maandishi ya tarehe ambazo kila dalili ilianza na kuisha, hata lile jicho la mwaka juzi.