Uhodari Hauna Jinsia

Mvulana anayelia huambiwa ajikaze kiume. Kijana asiye na fedha huitwa mwanaume suruali, na akitunzwa na mwanamke, marioo. Kwa maneno hayo, uanaume ni kuficha maumivu na kujaza mfuko. Aliyekosa vyote viwili hana pa kusimama.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Mkono wa kulia tunauita wa kuume, yaani wa kiume, wenye nguvu. Kilatini nacho kilijenga neno la wema, virtus, juu ya vir, mwanamume. Ndiyo maana mwanamke akitenda jambo kubwa tunamwita jikedume, na sifa yenyewe inamvua uanawake wake.

Simiyu, mkoa unaoongoza nchini Tanzania kwa pamba, unaonyesha kasoro ya kupima uhodari kwa uanaume. Wakati wa mavuno, katika mashamba ya Bariadi, wanawake na watoto huinama mche kwa mche. Ncha kavu za vitumba huwachubua vidole. Kisha hukaa kuchambua: nyeupe iliyo kavu ni safi, yenye madoa au iliyoharibiwa na wadudu ni fifi. Ni kazi ya nguvu, subira na jicho kali, lakini hakuna anayeiita ya kiume. Pamba ikifika kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mara nyingi jina linaloandikwa daftarini ni la baba.

Wasukuma, wenyeji wa mkoa huo, walikuwa na kipimo bora. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kijiji, aliwakusanya wenzake kulima mashamba ya watu kwa pamoja. Kijana alipata heshima kwa jembe lake na kwa kuwafaa wengine.

Kipimo kibaya cha uanaume huingia hata katika ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hata hivyo, bado wapo wanaosema mume asiyempiga mkewe si mwanamume. Kinachokatazwa na sheria kinaendelea kuhalalishwa na maneno yetu.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno bora. Hodari, jasiri, mvumilivu na mchapakazi ni maneno yasiyouliza jinsia. Mzazi, mwalimu na mhubiri wayatumie hayo. Mvulana anayelia aulizwe kinachomuuma, na mama aliyevuna pamba asifiwe kwa uhodari wake mwenyewe, kisha alipwe fedha mkononi mwake.