Kununua Kamera ya Video ya Nyumbani kwa Bei Nafuu: Mambo ya Kuzingatia

Desemba ni mwezi wa familia kukutana. Harusi hufungwa, watoto hubatizwa, na nyanya husimulia asili ya ukoo. Familia nyingi hupenda kuhifadhi shughuli hizi kwa video. Kamera ikiharibika, pesa huweza kupatikana tena, lakini simulizi la mzee ambaye mwakani huenda hayupo halirudi. Ndiyo maana ni vyema kamera ijaribiwe kabla ya kulipiwa.

Je, kamera inahitajika? Simu nzuri inatosha kwa video ya dakika chache. Kamera ya video hufaa zaidi shughuli inapochukua saa kadhaa, au mpigaji anaposimama mbali.

Maandishi ya kwenye kasha. Baadhi ya kamera za bei ya chini huandikwa "4K", ilhali hunasa picha ndogo na kuipanua tu. Kwa matumizi ya nyumbani, HD kamili halisi, yaani nukta 1920 kwa 1080, inatosha. Kuhusu kuvuta picha karibu, mnunuzi atafute neno "optical". Huko ni kuvuta kwa lenzi, na ubora haupotei. Kuvuta kwa dijitali hupanua nukta, na sura za watu huingia ukungu.

Sauti, betri na kadi. Kamera yenye tundu la maikrofoni ya nje hunasa maneno vizuri zaidi penye upepo au umati. Betri inayotoka humwezesha mwenye kamera kubeba ya akiba. Video ya HD inayorekodiwa kwa megabiti 17 kwa sekunde huchukua takriban GB 7.7 kwa saa, hivyo kadi ya GB 32 hubeba kama saa nne.

Kamera zilizotumika. Hizi huweza kuwa nafuu, lakini zile za kanda ziepukwe. Kanda zake ni adimu, na kompyuta nyingi za sasa hazina tundu la kuziunganisha.

Jaribio la dukani. Mnunuzi arekodi dakika tano mahali penye mwanga hafifu, mtu akizungumza hatua tatu kutoka kwenye kamera. Kisha atazame video hiyo kwenye televisheni au kompyuta, kwa kuwa kioo kidogo cha kamera huficha kasoro. Muuzaji akikataa jaribio, ni heri kwenda duka lingine.

Risiti iandikwe jina la kamera na namba yake ya utambulisho, na waranti itolewe kwa maandishi. Anayenunua mtandaoni asilipe kabla ya kuiona na kuijaribu.

Baada ya sherehe, video inakiliwe mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na diski ya nje, kabla kadi haijafutwa. Kadi moja ikipotea, kumbukumbu ya familia itakuwa ingali salama.