Drafti ya magwiji: Mbona nilimchukua Makelele na kuacha mastraika

Kila Jumapili mwendo wa saa kumi na mbili jioni, kinyozi mmoja hapa Umoja hufunga nusu ya mlango wake. Si kwamba wateja wameisha. Ni kwa sababu sisi wanane tumeshajaa kwenye benchi lake, daftari liko wazi, na mtu ameanza kupiga kelele kuhusu Roberto Carlos.

Mchezo wetu unaitwa drafti. Sio ile ya vifuniko vya soda ambayo wazee hucheza pale steji. Hii ni drafti ya magwiji wa kandanda, wale walioangika njumu. Messi na Cristiano hawaruhusiwi. Tulijaribu kuwaingiza mara moja na kikao kikavunjika hata kabla chai haijaletwa.

Sheria ni rahisi. Karatasi nane zenye nambari zinatiwa kwenye kofia, kila mtu anaokota yake. Nambari 1 anachagua mchezaji kwanza, nambari 8 anachagua wa mwisho. Kisha zamu inageuka: nambari 8 anachagua tena, na mstari unarudi kinyumenyume hadi kwa nambari 1. Mchezaji akishachukuliwa, ameenda. Raundi 11, majina 88. Baada ya hapo tunaingia robo fainali, nusu fainali, halafu fainali. Kila mtu anapewa dakika tano kueleza vile kikosi chake kitamchapa mwenzake, wengine wanamrushia maswali ya kuumiza, halafu kura inapigwa kwa kuinua mikono.

Anayeshindwa kwa fainali ananunulia kikao chai na mandazi. Pesa haziingii. Hiyo sheria niliiandika mimi mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na wote wanajua sababu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilichukua nusu ya karo ya muhula nikaiweka kwenye multibeti ya mechi saba. Sita zikaingia. Ya saba ilisawazishwa dakika za majeruhi. Nilijaribu kurudisha zile nilizopoteza kwa kutumia zile zilizobaki, na mwisho wa stori unaujua, maana leo naandika blogu na sina cheti.

Sasa, wiki mbili zilizopita jamaa wetu wa bodaboda akaja na wazo. Kila mtu atoe soo tano, mshindi aondoke na elfu nne. Usimuone mtu mbaya. Petroli imepanda, wateja wanahesabika, na elfu nne kwake ni tairi ya nyuma. Lakini mimi nilihisi tumbo likikaza. Tukabishana hadi kinyozi akatuamulia: yeyote atakayefika mbali zaidi kati yetu wawili siku hiyo, maoni yake ndiyo yatapita. Kama ungekuwa pale ungecheka. Suala la pesa, tunaliamua kwa kutumia watu kama Drogba.

Kofia ikapita. Jamaa wa boda akaokota nambari 1. Mimi nikaokota 8.

Benchi zima likanionea huruma, na hapo ndipo nataka tuelewane, kwa sababu watu wengi wanaocheza drafti hukosea hapa. Nambari 1 inapendeza machoni. Unamchukua Maradona au Pele na kila mtu anapiga mluzi. Lakini ukishamchukua unakaa kando ukitazama watu 14 wakienda, na zamu yako inarudi jina la 16. Nambari 8 hapati Maradona, ni kweli, lakini anachagua jina la 8 na la 9 kwa mpigo. Halafu la 24 na 25. Halafu la 40 na 41. Kwa ufupi, ananunua kwa jozi. Na mpira, ukiuliza mtu yeyote aliyewahi kuucheza hata kwa uwanja wa shule, ni mchezo wa jozi. Beki anahitaji beki mwenzake. Fundi wa pasi anahitaji mtu wa kumkimbilia. Pirlo wa Milan alikuwa na Gattuso pembeni akifanya kazi chafu, na ndiyo sababu shati la Pirlo lilikuwa likibaki safi.

Jamaa akamchukua Maradona. Alivyorudi akawachukua Ronaldinho na Roberto Carlos. Kisha Rivaldo na Cafu. Kisha Gerrard na Lampard, na hapo mtu akagonga ukuta kwa furaha. Mwishowe akawaweka Ferdinand na Vidic nyuma, Casillas langoni na Drogba mbele. Soma hiyo orodha tena polepole. Hata mimi ningelipa kuiona.

Mimi nilianza na Baresi na Maldini. Kimya. Jina la 24 likafika, mastraika wa maana bado wako wawili watatu, nikasema, "Makelele." Kicheko kilichotoka pale kilimfanya mama wa mandazi aje kuchungulia mlangoni.

"Boss, unachukua Makelele na Batistuta yuko?"

Ndiyo. Na nikamuongeza Nedved, mshindi wa Ballon d'Or ya 2003, kwa sababu ni nyota ambaye hakuwahi kuona haya kukimbia nyuma. Zamu iliyofuata niliwachukua Dwight Yorke na Andy Cole pamoja. Hakuna mtu humgombania Cole katika drafti, na Yorke akiwa peke yake ni straika mzuri tu kama wengine. Lakini ukiwaweka pamoja unapata ule msimu wa 1998/99, Manchester United wakibeba mataji matatu na hao wawili wakifunga zaidi ya mabao 50. Unapata kitu cha bei ghali kwa bei ya mitumba.

Halafu Zanetti na Costacurta. Halafu Litmanen, nambari 10 wa ile Ajax iliyotwaa ubingwa wa Ulaya 1995, na McDonald Mariga. Hapo kelele zilikuwa za aina nyingine. Wengine walidhani ni uzalendo. Tulia kwanza, nitakuja hapo.

Kipa nilimwacha hadi jina la 88, la mwisho kabisa. Mna vikosi vinane na kila kikosi kinahitaji kipa mmoja tu, na historia ina makipa wazuri zaidi ya wanane. Wenzangu walikimbilia Schmeichel na Buffon mapema wakaacha viungo vikiisha. Mimi niliokota Dida, aliyepangua penalti tatu za Juventus katika fainali ya 2003 pale Old Trafford. Dida, jina la mwisho! Ukiondoka na kitu kimoja kutoka kwa makala haya, ondoka na hicho.

Robo fainali nilipita kirahisi. Nusu fainali nilimpiga fundi wa simu ambaye alikuwa na Henry, Van Basten, Shevchenko na Romario, wote katikati, wakikanyagana kama abiria wa matatu saa moja jioni. Upande wa pili jamaa wa boda aliwafagia watu. Kwa hivyo fainali ikawa mimi na yeye, na ile soo tano ikiwa mezani.

Yeye alianza. Hakupoteza muda. Alisimama kando ya kioo akaonyesha kwa vidole: "Mpira uko kwa Rivaldo, anampa Ronaldinho, Maradona anakuja hapa. Huyo Makelele wako atakaba nani kati ya hao watatu?" Swali zuri. Sikuwa na jibu la haraka.

Zamu yangu nikamuuliza kitu kimoja tu. Cafu ameenda mbele. Roberto Carlos ameenda mbele, kwa sababu huwezi kumzuia. Gerrard ameenda kwa sababu anaona nafasi ya kupiga. Lampard pia ameenda kwa sababu kazi yake ni kuchelewa kufika kwenye boksi. Mpira umepotea. Nani yuko katikati ya uwanja?

Nikamkumbusha kwamba Uingereza ilikuwa na Gerrard na Lampard kwa miaka mingi na bado ilikosa hata kufuzu Euro 2008. Kila mmoja ni gwiji. Pamoja walikuwa kama madereva wawili kwa usukani mmoja. Nikaongeza ya Real Madrid. Msimu wa kiangazi 2003 walimleta Beckham na wakamwacha Makelele aende Chelsea. Msimu uliofuata wakiwa na Zidane, Figo, Raul, Ronaldo na Beckham, walipoteza mechi zao tano za mwisho za ligi wakamaliza nambari nne. Kwenye Champions League waliondolewa na Monaco, na mmoja wa waliowafunga alikuwa Morientes, straika wao wenyewe waliyemtoa kwa mkopo! Taji la ligi hawakuliona tena hadi 2007. Makelele naye? Mwaka 2005 Chelsea walibeba ligi wakiwa wamefungwa mabao 15 katika mechi 38.

Nilidhani nimemaliza kazi. Lakini jamaa alikuwa amejiandaa.

"Brazil 2002," akasema. "Cafu, Roberto Carlos, Rivaldo, Ronaldinho na Ronaldo, wote kwa uwanja mmoja. Mechi saba, ushindi saba. Nani alikuwa katikati?"

Benchi likanguruma. Hiyo ndiyo hoja bora zaidi ya upande wake, na kama unapenda kupanga vikosi vya mastaa watupu, ikariri. Ila haimalizi maneno. Scolari aliweka mabeki watatu wa kati, Lucio, Edmilson na Roque Junior, ndipo Cafu na Roberto Carlos wakapata ruhusa ya kwenda. Mbele yao akamweka Gilberto Silva, na kufikia fainali Kleberson alikuwa ameongezwa akimbie. Hao ndio watu ambao hakuna mtu huwachagua katika drafti. Jamaa alikuwa na mabeki wa kati wawili na hana Gilberto. Hata Brazil ya 1970, waliowapanga Pele, Tostao, Rivelino na Gerson pamoja, walikuwa na Clodoaldo nyuma yao.

Kisha nikajikwaa mwenyewe. Nikitetea ukuta wangu nikasema Milan ya 1993/94 ilibeba Serie A kwa kufungwa mabao 15 tu katika mechi 34, halafu ikaichapa Barcelona ya Romario na Stoichkov 4-0 kwa fainali ya Ulaya pale Athens. "Hiyo ndiyo kazi ya Baresi na Costacurta," nikasema nikijipiga kifua.

Fundi wa simu, ambaye nilikuwa nimemtoa kwa nusu fainali na hakuwa amesahau, akainua kichwa. "Baresi na Costacurta hawakucheza Athens. Wote wawili walikuwa na adhabu."

Ni kweli. Maldini ndiye aliyehamia katikati siku hiyo, akacheza na Filippo Galli. Mimi naijua hiyo stori tangu nikiwa shule ya msingi na bado nilijitia kitanzi nayo. Jamaa wa boda alicheka hadi akaketi chini. Nilijaribu kusema kwamba basi hiyo inaonyesha Maldini ni mzuri kiasi gani, lakini sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

Kilichobaki kuniokoa kilikuwa upande wa kulia. Waliuliza Mariga anafanya nini kwa fainali. Nikawaambia Aprili 2010, Inter wako Camp Nou, Thiago Motta ameonyeshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Barcelona wanahitaji bao moja zaidi, na dakika za mwisho Mourinho anamwingiza Mariga. Nahodha wa Inter usiku ule alikuwa nani? Zanetti. Hao wawili wanajuana. Sijamchukua Mariga afunge, nimemchukua asimame mahali Roberto Carlos anataka kupita, na akichoka kusimama Zanetti yuko nyuma yake. (Kama ningetaka bao ningemchukua mdogo wake, Wanyama, aliyewafunga Barcelona kwa kichwa 2012 akiwa Celtic. Lakini ningehitaji nafasi ya 12.)

Kura. Wapigaji sita. Mikono mitatu kwake, mitatu kwangu.

Hakuna sheria ya sare kwenye daftari. Sijui tuliwezaje kucheza mwaka mzima bila kuifikiria. Kinyozi akamgeukia mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, ambaye alikuwa amesikiza kila kitu bila kusema neno. "Wewe unaonaje?"

Jamaa akajitazama kwa kioo kwanza. "Litmanen mimi simjui," akasema. "Lakini huyu wa nduthi, timu yake ikipoteza mpira hakuna mtu amebaki nyumbani."

Nne kwa tatu. Chai ikaja kwa gharama ya boda, na alilipa bila maneno mengi. Maneno yalianza baadaye usiku kwenye WhatsApp. Kwamba mteja si mwanachama. Kwamba mtu mwenye wembe kichwani hawezi kupiga kura huru, hasa ikijulikana kinyozi alikuwa upande wangu. Na ukweli ni kwamba ana hoja. Ningekuwa mimi ningekata rufaa pia.

Basi tumekubaliana Jumapili hii tunarudia, wanachama pekee, na suala la soo tano linarudi mezani nalo. Kofia tuliipitisha mapema ili watu wajipange. Nimeokota nambari 1. Yeye ameokota 8. Juzi nilipopita steji alinisimamisha, injini ikinguruma, akaniuliza kana kwamba ni kitu tu kimemjia kichwani: Desailly alicheza vizuri zaidi akiwa na nani?