Ramani ya Wote: Zanzibar Imetutangulia

Kila tunapoandaa andiko la mradi wa maji, wafadhili huuliza swali lile lile: kijiji kiko wapi hasa, na chanzo cha maji kiko umbali gani? Kwa Sumbawanga mjini jibu ni rahisi. Kwa vitongoji vya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kuelekea Ziwa Rukwa, si rahisi hata kidogo.

Ramani za serikali zipo. Karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilometa moja, zinaonyesha vizuri vilima na vijito. Vilima havihami, watu ndio waliohama. Karatasi iliyochorwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 haiwezi kuonyesha kijiji kilichoanzishwa baadaye.

Ndiyo maana tunaifuatilia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Huchorwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuitumia bure mradi ataje ilikotoka. Lakini wachoraji hao hawaruhusiwi kunakili ramani yenye hakimiliki, hata kama wameinunua kwa fedha yao. Lazima mwenye data atoe ruhusa. Mamlaka ya ramani ya Uingereza, Ordnance Survey, ilifungua sehemu ya data zake Aprili 2010.

Kwetu mfano uko Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha ziliwekwa wazi, na wachoraji wakaweza kufuatisha juu yake nyumba na njia.

Hata hivyo, picha ya angani huonyesha bati na njia tu. Haisemi kitongoji kinaitwaje, wala kisima kipi hukauka Septemba. (Na kilima kimoja huweza kuwa na majina mawili, kutegemea umemuuliza mtu wa upande upi!) Kwa maoni yetu, data ambazo zingetufaa zaidi Ufipa ni majina ya vijiji, zahanati na vituo vya maji, kabla hata ya picha.

Tahadhari moja: ramani hii si hati ya ardhi. Mgogoro wa mpaka wa shamba bado unapelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji.