Kwa nini seva ya wavuti hukwama inapoundwa pamoja na usimbaji fiche

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda ikafuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Ulinzi huo unaweza kuponyoka mapema kabisa, pale fundi anapoiunda seva ya wavuti kutoka katika msimbo chanzo na kazi ikakwama kwenye usimbaji fiche.

Seva za Apache na nginx hazijitengenezei usimbaji wao; kwa kawaida huutegemea kwenye maktaba ya OpenSSL. Katika nginx, sehemu hiyo haiingizwi mpaka fundi ataje chaguo la --with-http_ssl_module. Akisahau, programu huundwa bila lalamiko lolote. Kasoro hujitokeza baadaye, mipangilio inapoagiza usimbaji nayo seva ikakataa kuanza.

Lalamiko lililozoeleka zaidi husema kwamba OpenSSL haikuonekana. Fundi hushangaa, kwa sababu amri ya openssl inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta hiyohiyo. Yote mawili ni kweli. Kuitumia maktaba ni jambo moja. Kuwa na faili zinazoieleza kwa chombo kinachounda programu ni jambo jingine, na faili hizo husambazwa katika kifurushi cha pekee. Kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa libssl-dev, na kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat ni openssl-devel. Mara nyingi kukisakinisha hicho kunatosha.

Ugumu halisi huanza kompyuta inapokuwa na matoleo mawili ya OpenSSL. Maelezo yakisomwa kutoka toleo moja na programu ikaunganishwa na jingine, hutokea ujumbe wa "undefined reference", yaani kazi fulani imeitwa lakini haipatikani. Kwa Apache, chaguo la --with-ssl huonyesha mahali hasa pa kuitafuta maktaba. Kabla ya kurudia, mabaki ya jaribio la kwanza yafutwe kwa make clean. Faili ya config.log nayo isomwe kwa utulivu: kosa la kwanza ndilo lenye habari, yanayofuata aghalabu ni mwangwi wake.

Kishawishi kikubwa ni kuliondoa chaguo la usimbaji ili kazi ikamilike. Itakamilika kweli, na kurasa zitafunguka. Lakini nywila na namba za simu zitapita wazi, na yeyote aliye njiani ataweza kuzisoma.

Wapo pia wanaoishindilia OpenSSL ndani ya seva yenyewe ili kuepuka mgongano wa matoleo. Njia hiyo ina gharama. Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed, iliyoyakumba matoleo ya 1.0.1 hadi 1.0.1f, kusasisha maktaba ya mfumo hakukuziponya seva zilizobeba nakala yao ndani. Zilihitaji kuundwa upya. Kwenye nginx, amri ya nginx -V huonyesha toleo lililotumika kuiunda. Seva inayoonyesha 1.1.1 inafaa kuchunguzwa, kwani wasanidi wa OpenSSL waliacha kulihudumia bure toleo hilo Septemba 2023.